Chemsha bongo au chemsha roho?

MSOMAJI wangu, kuna ugomvi wa jioni usiohusu pesa wala ukwe, lakini umo katika nyumba nyingi. Chanzo chake ni kipindi cha maswali na majibu katika runinga. Mtangazaji anauliza, mshiriki anakuna kichwa, na huku sebuleni baba ameshajibu zamani. Swali linalofuata, nyumba nzima kimya. La tatu ni jepesi mno hata mtoto wa darasa la pili anacheka. Hapo manung'uniko yanaanza: "Hivi watunzi wa maswali haya wametuona sisi watu gani?"

Ukiyasikiliza vizuri malalamiko ya watazamaji, utaona ni matatu. La kwanza, maswali ni magumu kupita kiasi. La pili, ni mepesi kupita kiasi, hasa yanapoambatana na namba ya kutuma ujumbe kwa malipo. La tatu, hayalingani: huyu kaulizwa rangi za bendera ya taifa, mwenzake kaulizwa mwaka wa mkataba uliotiwa sahihi Ulaya kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Leo nataka tuyapime malalamiko haya moja moja. Wengine watasema huo ni mchezo tu, kwa nini tuumize vichwa? Naam, ni mchezo. Lakini watoto wetu wanautazama, na kuna jambo wanalojifunza humo ambalo halimo katika swali lenyewe wala katika jibu.

"Kwani sisi hatujui kitu?"

Hivi karibuni nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu kule Majoreni, katika kaunti ya Kwale. Kwa wasiopajua, ni kijiji cha wavuvi na wakulima kilicho kati ya Shimoni na Vanga, si mbali na mpaka wa Tanzania. Runinga ya shangazi hutumia umeme wa jua. Baada ya isha, mkeka hutandikwa na watoto wa majirani hujaa.

Usiku mmoja kulikuwa na mashindano ya wanafunzi wa sekondari, kwa Kiingereza. Swali la kwanza lilihusu jinsi mimea inavyojitengenezea chakula. Binti mmoja wa kidato cha pili alilijibu pale pale, kabla washiriki hawajabonyeza kengele, na wenzake wakampigia makofi. Kisha likaja swali la mtunzi wa opera ya Kitaliano. Likafuata la rais mmoja wa Marekani wa karne ya kumi na tisa, halafu la mtaa mmoja wa London. Makofi yakakoma. Jirani mmoja, mvuvi, aliinuka akaaga, akisema hayo ni maswali ya wenyewe. Mvulana wa miaka kama tisa akamgeukia shangazi: "Bibi, kwani sisi hatujui kitu?"

Shangazi alimwambia anyamaze, wengine wanasikiliza.

Msomaji, mvulana huyo huyo asubuhi yake alikuwa amenieleza kwamba maji yatatoka mbali sana siku hiyo kwa kuwa ni bamvua, na kwamba baada ya siku kama saba yatakuwa maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Hakukosea. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu wakati huo jua, mwezi na dunia huwa katika mstari mmoja, na mvuto wa jua na wa mwezi husaidiana kuyavuta maji. Hiyo ni fizikia na jiografia, na huulizwa katika mitihani. Mtoto wa miaka tisa anaijua nusu yake kutokana na ufuo, bila ya kufungua kitabu. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba hayo nayo ni maarifa, na runinga ilikuwa imetumia nusu saa nzima kumwonyesha kinyume chake.

Hiyo ndiyo hasara ninayoisema. Anayeshindwa swali moja hujifunza jibu lake. Anayeshindwa maswali ishirini ambayo hayakumlenga kabisa hujifunza kwamba elimu ni mali ya watu wengine.

Wazee walitega, lakini walitega kwa haki

Mchezo wa maswali haukuletwa kwetu na televisheni. Sisi tuna vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Mtegaji akitega na wote wakashindwa, hudai: "Nipeni mji!" Akipewa Mombasa au Lamu au Unguja, hujisifu kidogo kwa safari yake, kisha lazima atoe jibu.

Tazama jinsi mchezo huo ulivyopangwa. Kushindwa kuna gharama, lakini gharama yenyewe ni kichekesho. Anayeshindwa haondoki mikono mitupu, maana huondoka na jibu. Na jibu lenyewe ni kitu ambacho kila aliyeketi pale amekiona: yai, nanasi, macho, kivuli. Nyumba yangu haina mlango. Ugumu hautokani na kitu kuwa mbali. Unatokana na jinsi kilivyofichwa mbele ya macho yako.

Ndiyo maana jibu la kitendawili linapotajwa, watu husema, "Ahaa!" Hicho ndicho kipimo changu cha swali la haki, nami nakipendekeza kwa kila mtunzi wa maswali. Jibu likitolewa na wasikilizaji wakasema "Ahaa, lilikuwa karibu nami," swali lilikuwa gumu lakini zuri. Wakisema "Sasa hilo nani angelijua?" swali lilikuwa bovu, hata kama jibu lake ni sahihi katika kamusi zote za dunia.

Tuchukue mfano wa jambo moja linalojulikana na kila mtoto wa Mombasa: Fort Jesus. Mtunzi mmoja anaweza kuuliza, "Mchoraji wa ramani ya ngome hiyo aliitwa nani?" Jibu ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano. Mtu ama analo jina hilo ama hana, na kufikiri hakusaidii hata chembe. Mtunzi wa pili anauliza, "Ngome hiyo iliyoanza kujengwa mwaka 1593 ilijengwa na watu wa taifa gani?" Hapa aliyesoma historia kidogo atajibu Wareno, na asiyesoma anaweza kukisia kwa hoja. Wa tatu anauliza, "Kwa nini ngome ikajengwa pale pale ilipo, wala si mahali pengine kisiwani?" Sasa hata aliyepita pale kwa miguu kununua kahawa anaweza kufikiri: pale ndipo mlangoni mwa bandari, na anayepashika huona kila chombo kinachoingia. Jengo ni lile lile, lakini la kwanza linapima bahati, la pili kumbukumbu, na la tatu akili. Kipindi kizuri huchanganya la pili na la tatu. La kwanza kikalitumia kama pilipili, punje moja tu.

Ngazi na mtego

Waliobuni vipindi vikubwa vya dunia walilijua hilo. Kile cha Uingereza cha kuwania pauni milioni, Who Wants to Be a Millionaire?, kilipoanza Septemba 1998 kilikuwa na maswali 15 yaliyopangwa kama ngazi. Ya mwanzo yalikuwa mepesi makusudi, mshiriki atulie na nyumbani watu wacheke. Akivuka la tano alikuwa na pauni 1,000 ambazo hakuna wa kumnyang'anya. Akivuka la kumi alikuwa na 32,000. Tena alipewa misaada mitatu: kupunguziwa majibu mawili, kumpigia simu rafiki, na kuwauliza waliohudhuria. Ugumu ulipanda polepole, na kila aliyetazama alipata angalau swali moja la kujidai nalo. Ndiyo sababu kipindi hicho kilienea nchi nyingi, na mwaka 2000 kikafika India kwa jina la Kaun Banega Crorepati, kikiongozwa na yule yule Amitabh Bachchan ambaye wazazi wetu walimjua kutoka majumba ya sinema ya Mombasa.

Wengi mtakumbuka sinema ya Slumdog Millionaire ya mwaka 2008, iliyonyakua tuzo nane za Oscar mwaka uliofuata. Kijana wa mtaa wa mabanda anajibu maswali yote, mengi yake kwa sababu yamegusa jambo lililompata maishani. Watu walilia kwa furaha. Lakini ukifikiri zaidi, sinema ile inasema jambo chungu: ilihitaji muujiza ili maswali ya runinga yakutane na maisha ya mtoto maskini. Katika maisha ya kweli hapana muujiza. Yuko mtu mezani na kalamu, na anaandika yale anayoyajua yeye.

Na msidhani kwamba yule mshiriki anayejibu kila kitu bila ya kupepesa macho ni mjuzi siku zote. Marekani, katika miaka ya 50, kulikuwa na kipindi kilichoitwa Twenty-One. Mwishoni mwa 1956 mwalimu wa chuo kikuu, Charles Van Doren, alimshinda bingwa Herbert Stempel, na nchi nzima ikamshangilia. Baadaye ikafichuka kwamba Van Doren alikuwa akipewa majibu mapema, na Stempel aliamriwa akose swali kuhusu filamu ya Marty, ambayo aliijua vyema. Mwaka 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo, na mwaka 1960 sheria ikapitishwa kuharamisha udanganyifu wa namna hiyo. Mamilioni ya wazazi walikuwa wamewaambia watoto wao, "Muoneni huyu, someni mfanane naye," kumbe wanamtazama mwigizaji.

Mepesi nayo yana lake

Sasa tuje kwa lile la pili. Wako wanaolalamika kwamba maswali ni mepesi mno, na hao mara nyingi hupuuzwa. Nani atakasirikia swali rahisi? Mimi nasema wana haki, kwa sababu wepesi mwingine umewekwa pale kwa kusudi.

Msomaji, umeshaliona swali la aina hii chini ya kioo cha runinga: mji mkuu wa Kenya ni upi, Nairobi au London? Tuma jibu kwa namba fulani, ujishindie simu au pikipiki. Hakuna anayepima elimu yako hapo. Swali limefanywa jepesi ili kila mtu aone kwamba anaweza, na kila anayeona anaweza atume ujumbe, na kila ujumbe una bei yake kupita ya kawaida. Majibu sahihi yakiwa elfu nyingi, mshindi hupatikana kwa kura, kwa hiyo umelipia bahati nasibu iliyovishwa kanzu ya elimu. Mtoto anayechukua simu ya mama kwa siri hajui hilo. Yeye anajua jibu, na anajua kwamba anayejua jibu hushinda.

Hata Uingereza, penye wasimamizi wakali, mambo haya yaliharibika. Mwaka 2007 kituo cha GMTV kilitozwa faini ya pauni milioni mbili kwa sababu kwa miaka kadhaa watazamaji walikuwa wakilipia simu za mashindano ilhali waliobahatika walikuwa wameshachaguliwa kabla ya laini kufungwa. Mwaka huo huo kipindi cha watoto cha Blue Peter cha BBC nacho kilitozwa faini ya pauni 50,000 kwa udanganyifu katika shindano la simu. Basi mwambie mwanao: swali likiwa rahisi sana na kujibu kunalipiwa, usitazame swali, tazama bei.

Haki ya kulingana

Malalamiko ya tatu ni ya usawa, nayo huwauma zaidi wanafunzi. Kipindi kinapowauliza washiriki kwa zamu, kila mmoja na swali lake, ni rahisi mno mmoja kuangukiwa na jiwe na mwenzake na pamba. Anayeshindwa huondoka akiamini ameonewa, na pengine ni kweli.

Dawa iko, na iko hapa hapa Afrika. Nchini Ghana kuna shindano la sayansi na hisabati la shule za sekondari, National Science and Maths Quiz, lililoanzishwa mwaka 1993. Raundi yake ya mwisho ni ya vitendawili. Shule zote hutegewa kimoja kwa wakati mmoja, na dalili hutolewa moja baada ya nyingine, kuanzia ya mbali kuja ya karibu. Anayejibu kwa dalili ya kwanza hupata pointi 5, kwa ya pili 4, na kwa ya tatu au zaidi 3. Hakuna wa kusema mwenzake kapewa rahisi. Na nyumbani raha iliyoje! Bingwa anajibu mapema, mwanafunzi wa kawaida anajibu katikati, na mwishoni hata bibi anainua mkono. Swali moja limewapa wote nafasi.

Kenya pia tumeonja mashindano makubwa. Mwaka 2007 lilianza lile la vyuo vikuu la Africa Challenge, kwanza kwa jina la Celtel kisha la Zain, likiongozwa na John Sibi-Okumu. Lilitupa fahari ya kuona vijana wa Afrika wakishindana kwa ubongo badala ya mpira. Lakini lilikuwa la Kiingereza, kama mengi ya aina yake. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawa na Kiingereza. Kwa nini basi mtoto aulizwe kuhusu bahari, mimea na nyota kwa lugha moja tu? Swali ambalo mtu analijua jibu lake lakini halielewi linapoulizwa halikupima maarifa yake. Limepima sikio.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi tuache kuuliza juu ya Italia na London, tuulize mikoko na bamvua tu. Tukifanya hivyo tutamwonea mtoto wa Eldoret vile vile. Mtoto wa Majoreni ana haki ya kuijua opera. Ninachodai ni kwamba katika maswali ishirini, yawepo matatu au manne ambayo mtoto wa Eldoret atasema "Nani angelijua hilo?" na wa Majoreni acheke. Kila mmoja aionje furaha, na kila mmoja aionje aibu ndogo ya kutojua mambo ya mwenzake.

Anzeni nyumbani

Tukisubiri vituo vya runinga tutangoja sana. Jaribuni hivi nyumbani Jumapili hii. Zimeni runinga nusu saa. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, aandike kitendawili kimoja cha dalili tatu, kwa sharti moja: awepo mtu mmoja humo chumbani, zaidi yake mwenyewe, anayeweza kulijua jibu. Pointi ziwe 5, 4 na 3. Anayeshindwa atoe mji.

Hiki hapa changu, muanze nacho. Dalili ya kwanza: nilifungwa mwaka 1988, na watu wengi wa pwani ya kusini wakakosa kazi. Ya pili: chakula changu kilikuwa miwa. Ya tatu: jina langu ni la mto unaoingia baharini kati ya Msambweni na Shimoni. Aliye na wazee kutoka Kwale hatafika dalili ya pili. Ni kiwanda cha sukari cha Ramisi.

Kingine, cha wanafunzi. Ya kwanza: kwa ajili yangu, tangu 2013 watu wa Gazi wamekuwa wakilipwa wasinikate. Ya pili: mizizi yangu huchomoza juu ya tope ili ipate hewa. Ya tatu: nakunywa maji ya chumvi na sifi. Ni mkoko. Mradi wa Gazi unaitwa Mikoko Pamoja. Huuza haki za hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na mapato husaidia mambo ya kijiji kama maji na shule. Kwa pointi za ziada, nani atataja aina nyingine za miti ya huko huko topeni? Mkandaa, mchu, mlilana, muia, mkomafi. Mwanafunzi wa biolojia wa Nairobi atazijua kwa Kilatini. Mvulana wa Majoreni atazijua kwa kuzigusa. Wakae pamoja waulizane, na sitaki kuwa mwamuzi wao.

Na mtakaporudi kwa runinga, msimcheke mshiriki aliyekosa. Taa za studio ni kali, saa inakimbia, na jibu lililo wazi kwenye kochi hupotea mbele ya kamera. Mtoto akiuliza kama sisi hatujui kitu, msimwambie anyamaze. Mzimieni sauti mtangazaji, kisha mwambieni mtoto naye aulize swali lake.

Niandikieni, wasomaji. Leteni vitendawili vya dalili tatu kutoka kwenu, iwe ni Busia, Garissa au Kisauni. Vile vitakavyotufanya tuseme "Ahaa!" tutavichapa hapa.